Mvukuto wa Upande wa Kushoto

Hebu nijibu wewe unayenisikiliza: nina mgeni wangu hana tumbo, kazi yake kula upepo tu, na akila yeye, anayeshiba ni mwenzake. Ni nani huyo?

Fikiri. Usimtazame aliye pembeni yako, hata yeye hajui.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Unanipa Kwemawe? Ahsante, nimekwenda, nimepokewa vizuri, nimelala kwenye godoro. Mgeni wangu ni mvukuto. Na kwa kuwa umenipa Kwemawe, nitakusimulia yaliyotokea hukohuko, maana mvukuto ndio uliokaribia kumfunga mtu gerezani.

Wakati huo Kwemawe lilikuwa jiji kubwa juu kabisa ya milima ya Usambara, na barabara yake ilipanda kwa kona sabini na mbili. Magari ya betri yalikuwa mengi mabondeni, lakini mlima na baridi yake viliyachosha. Kwa hiyo magari ya wagonjwa yaliachiwa injini, zikaendeshwa kwa spiriti inayokamuliwa kwenye mkonge. Sasa injini ni kama jiko la mkaa. Usipolipepea, moto unasinzia. Na kule juu hewa ni nyepesi, haitoshi kupepea chochote. Ndiyo maana kila injini ilifungiwa mvukuto: chuma kizito cha mviringo chenye mapanga ndani, kinachozungushwa na mkanda wa injini yenyewe, kikivuta hewa ya nje na kuishindilia ndani kwa nguvu. Gari likipata mvukuto linapanda mlima kama linateremka.

Aliyeifunga mivukuto hiyo hakuwa mtu. Ilikuwa roboti inayoitwa Mikono, na kweli haikuwa na kitu kingine: mikono miwili mirefu iliyoning'inia kwenye dari ya karakana, na akili mnemba ya kuiongoza. Gari liliingia, boneti likafunguka, na mikono ile ikashuka. Ilipapasa injini kwa vidole vyake, ikatia nati, ikavuta mkanda, ikaugonga kwa ukucha kusikia kama umekaza. Dakika kumi na moja, kazi imekwisha. Watu walikuwa wanakwenda kuitazama kama wanavyotazama harusi.

Mikono ilifunzwa na mtu mmoja, Fundi Singano, ambaye mlima mzima ulimjua. Walimvalisha glavu-sikivu, zinazonasa kila anachofanya kidole, akafunga mvukuto mbele ya mashine siku baada ya siku kwa miezi mitatu. Mashine ikaiga, na kila jioni mkaguzi akatia sahihi somo la siku. Na iliambiwa kwamba fundi kadiri anavyorudia ndivyo anavyozidi kuwa bora, kwa hiyo mafunzo ya mwisho iyaamini kuliko ya mwanzo.

Mafunzo yalipokwisha, Fundi Singano akaenda nyumbani kupumzika. Roboti ikafunga magari arobaini.

Kisha gari namba tisa likazimika kwenye kona ya hamsini, limempakia mama mwenye uchungu. Dereva aliliwasha, likakohoa. Akaliacha lipoe, akaliwasha tena, likapanda hatua chache likafa. Mama alijifungulia palepale barabarani, kwenye ukungu. Yeye alipona. Mtoto wake hakupona.

Mhandisi Sauda Shekiondo ndiye aliyefungua boneti. Aliinama, akatazama. Mvukuto ulikuwa umefungwa kushoto, chini, ubavuni mwa bomba la moshi. Mwanafunzi yeyote wa ufundi anajua kwamba kwenye injini ile mvukuto hukaa kulia, juu, upande wa baridi, kunakoingia upepo. Ukiuweka karibu na bomba la moshi, unavuta hewa iliyoungua. Na hewa ya moto ni kama andazi lililofura: kwa nje kubwa, ukilipasua ndani hamna kitu. Mabondeni gari halioni tofauti. Likipanda mlima saa nzima, bomba linakuwa jekundu, mvukuto unachemka, injini inakosa pumzi.

Akafungua magari mengine. Yote arobaini yalikuwa hivyohivyo.

"Kuna mtu ameifundisha mashine vibaya," alisema Bwana Mbelwa, mkuu wa idara ya magari. "Na tunamjua. Nataka neno moja kutoka kwako kabla ya alasiri: makusudi, au si makusudi. Ikiwa makusudi, polisi wanamfuata leo."

Sauda akazifungua kumbukumbu za glavu, akiomba asikute kitu. Akakuta. Siku ya kwanza mpaka ya sitini na moja, Fundi Singano alifunga kulia, juu. Siku ya sitini na mbili akahamia kushoto, chini, wala hakurudi tena. Na siku ya hamsini na tano ndiyo aliyopewa barua kwamba Mikono ikiiva, yeye hatahitajika.

Wewe ungemfikiriaje mtu huyo? Hata Sauda alimfikiria hivyo, ingawa mzee huyo ndiye aliyemfundisha yeye kushika spana.

Fundi alikaa ghorofa ya kumi na mbili, kwenye jengo lililojizungusha polepole kulifuata jua. Mkewe, Bi Nuru, akamfungulia Sauda mlango.

"Karibu, mama. Pita ukae. Usishangae giza, leo jengo letu lina wazimu, jua lote limelipeleka chooni."

"Shikamoo, fundi," alisema Sauda.

"Marahaba, mhandisi."

Mhandisi! Miaka yote alimwita mwanangu. Sauda akanyoosha mkono wa salamu. Fundi hakuutoa wake mfukoni mwa koti, akageukia dirishani. Mkono wa Sauda ukabaki hewani, akaurudisha taratibu. Kwa hiyo tumefika huko, alijisemea.

Bi Nuru akaleta chai ya tangawizi, vikombe viwili.

"Umekuja kunipekua," alisema fundi.

"Nimekuja kuongea."

"Waliokutuma wao hawana miguu?"

"Wana pingu, fundi. Nilitaka nitangulie." Akaweka mezani kioo chake chenye zile kumbukumbu, mikono ya fundi ikaonekana humo ikifunga nati. "Hii siku ya sitini na moja. Hii siku ya sitini na mbili. Umehama upande. Na wiki moja kabla ulipewa barua."

"Hesabu unaijua vizuri. Zamani ulikuwa unahesabia vidole."

"Mtoto amekufa, fundi."

Mzee akafumba macho. Bi Nuru, aliyekuwa anakwenda jikoni, akasimama pale alipofika.

"Ulijua kule ni kwenye moto," alisema Sauda. "Ulijua, au hukujua?"

Chai ya fundi ilikuwa mbele yake inapoa, na hakuigusa. Hataki hata kunywa kikombe kimoja na mimi, aliwaza Sauda. Akakivuta kioo, akaanza kuandika neno alilotakiwa kuandika. Alifika nusu yake.

"We Singano!" Bi Nuru alipaza sauti. "Utakaa hivyo mpaka waje wakubebe?" Akaja, akakichukua kile kikombe, akakipeleka mdomoni mwa mumewe, akamnywesha kama anavyonyweshwa mtoto mgonjwa. Mzee akanywa, uso umemvimba kwa aibu. "Mwonyeshe mgeni mkono wako."

"Nuru, nyamaza."

"Mwonyeshe!"

Kwa mkono wa kushoto, fundi akauinua ule wa kulia kutoka mfukoni, akaulaza mezani kama mtu anayelaza mzigo wa mwenzake. Vidole vilicheza vizuri. Lakini bega lilikuwa limeshuka, halina uhai.

"Mara mia mbili kwa siku," alisema Bi Nuru. "Chuma kile kina kilo kumi na nne, anakinyanyua juu, anakishusha, ili mashine itazame tena. Siku hiyo ya sitini na mbili alirudi hapa, shati nikalivua mimi. Kushoto chini ndiko mkono ulikoweza kufika. Glavu zao zinaishia kwenye kiganja, mama. Zimenasa vidole, bega hazikuliona."

"Mbona hamkusema?"

"Kanuni ya karakana unaijua. Mwenye mwili mbovu hutolewa siku hiyohiyo. Alitaka aage kama watu wengine, amalize mwezi wake."

Sauda akalifuta neno kwenye kioo. Hakuandika jingine. Mikono ya mzee iliendelea kucheza humo, siku ya sitini na tatu, siku ya sitini na nne, na chini ya kila siku palikuwa na sahihi ya mkaguzi aliyepitisha somo. Sahihi ilikuwa ya Sauda mwenyewe. Aliuona ule upande wa kushoto, kila siku aliuona, akatia sahihi bila kujiuliza, kwa sababu Fundi Singano si mtu wa kuulizwa kwa nini.

"Basi hukujua," alisema kwa sauti ndogo, kama anayemwomba. "Maumivu yalikuzidi, hukufikiria moto. Niandike hivyo, fundi. Niambie tu kwamba hukujua."

Mzee akamtazama, mara ya kwanza tangu aingie.

"Nilijua, mwanangu," alisema. "Kila jioni nilijua. Nikawa nakaa pale kwenye benchi, sivui glavu, nakusubiri uje uniulize."