Asmini ya Sijaona

Mwezi wa kumi ule, Unyambwa yote ilikuwa imekauka hadi mbuzi wanatafuna makaratasi, lakini asmini ya Sijaona ilichanua. Haji, mumewe, enzi za ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara, zilikuwa zimemtoa kwenye jembe zikamtia kwenye biashara ya mitumba. Aliporudi kutoka Arusha na marobota yake, alikuta uani kote kweupe kwa maua.

"Nani anaimwagilia?" aliuliza.

"Hakuna. Imechanua tu," Sijaona alijibu, akacheka.

Haji hakuwa amemsikia akicheka tangu mtoto wao Radhia afariki, mwaka juzi. Kicheko kile kilimchoma. Kisimani watu wanalala foleni. Ni nani huyo wa kumletea mke wa mtu maji ya kumwagia maua? Na kwa nini kanga zake zinanukia udi, katika nyumba isiyo na chetezo?

Kesho yake akaaga kwamba anakwenda mnadani. Akazunguka, akajibanza nyuma ya jabali lililo kando ya nyumba, fimbo mkononi. Jua la saa sita likasimama utosini. Sijaona akatoka ameoga, kajipaka wanja, akaketi mkekani mbele ya asmini.

"Leo umechelewa," alinong'ona.

Haji akaangaza macho kumtafuta mwanamume wa kumpasua kichwa, asimwone, ila akaiona ndoo ikiinama yenyewe na maji yakimiminika polepole shinani, kisha matawi, pasipo upepo wa kutikisa hata unyasi, yakaanza kumwelekea mkewe moja baada ya jingine, maua yakimgusa shavu, yakimgusa shingo, yakirudi nyuma, yakimgusa tena, huku pumzi nzito isiyo na mwenyewe ikihema karibu kabisa na sikio lake yeye Haji, ikimwambia, "Nimekuona."

Alasiri ile ile alimleta Mwalimu Abdulhamidi wa msikitini, mzee aliyezoea kuwasomea wenye majini. Kisomo kilipofika katikati, Sijaona akasema kwa sauti ya kiume:

"Nilimkuta kaburini kwa mwanawe, analia peke yake. Huyu mumewe alikuwa wapi?"

Haji akainamisha kichwa. Siku ya mazishi alikuwa Arusha, anafungua marobota.

"Toka, kwa amri ya Mola!" Mwalimu alikemea.

"Nitatoka. Lakini aniambie mwenyewe."

Macho ya Sijaona yakarudi kuwa yake. Mwalimu akamsogelea, jasho likimtiririka.

"Binti yangu, neno moja tu. Mwambie, toka."

Haji akapiga magoti. "Mama Radhia, nakuomba. Nisamehe. Sisafiri tena."

Sijaona alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyebisha hodi nyumba siyo. Alijitanda kanga vizuri, akajisogeza kidogo pale mkekani, akaacha nafasi ya mtu mmoja, upande ambao Haji hakuwepo.