Aliyefuturu Nyuma ya Jiko

Mpunga ulioanikwa hauingii ndani wenyewe. Jua likishaanza kuinamia upande wa mto Lualaba, mtu ainuke akusanye, la sivyo umande utamtangulia. Jioni ile zamu ilikuwa ya Chadia, mke wa Alimasi, naye alikusanya polepole, kwa sababu kila alipoinama dunia ilimzunguka.

"Mwanangu, acha hiyo kazi," mama mkwe wake, Mama Fatuma, alimwita kutoka barazani. "Mutu mwenye kufunga hana nguvu. Mungu anaona."

Mungu anaona! Neno hilo lilimchoma Chadia kuliko njaa. Maana Mungu alikuwa anaona kweli, na alichokiona hakikuwa funga.

Ngojeni nieleze, msije mkamhukumu mtoto wa watu mbiombio. Alimasi alikwenda Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, akamwacha na mimba changa na ahadi ya kurudi kabla ya uzazi. Mimba ikatoka ikiwa na miezi sita, katikati ya Ramadhani. Alimasi hakuja. Ilikuja simu, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na mwanamke anacheka. Mahali pa kuzika kile kichanga waliamua wengine. Siku ya Chadia kutoka nje waliamua wengine. Kama alitaka hata kukiona kabla hakijafunikwa, hakuna aliyemuuliza.

Siku alizokula kwa ajili ya damu ilimpasa azilipe baadaye, kama wanawake wote. Akazilipa. Na katika kulipa huko akagundua jambo. Tumbo lililia, akaliambia nyamaza, nalo likanyamaza. Jamani! Katika nyumba ile, katika mji mzima wa Kasongo, hicho kilikuwa kitu cha kwanza kumtii.

Siku zake zikaisha. Yeye akaendelea.

"Bado nalipa, mama," alisema kila alfajiri. Na nani atasimama kuhesabu siku za mwanamke? Majirani wakaanza kumsifu: mumuone muke wa Alimasi, bwana anatangatanga, yeye ni funga na sala. Kila sifa ilimwingia kama mwiba wa samaki, lakini ikipita siku bila sifa aliitafuta. Aibu aliijua. Usiku alikuwa anaigeuza ubavu huu na ubavu ule, asubuhi anaamka anadanganya tena kwa jina la Mungu.

Shida ilikuwa futari. Adhana ikilia, aliyefunga lazima ale. Kwa hiyo akazoea kusema, "Anzeni tu, mama. Mimi nitakula jikoni, kichwa kinauma." Akachukua sahani yake, akapita nyuma ya jiko, pale penye ukuta wa matofali ulioanguka, ili awamwagie kuku.

Mara ya kwanza tu alipoinamisha sahani...

"Usimwage."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Alikuwa amechuchumaa kando ya matofali, kitenge kimemfunika mpaka machoni, mwembamba wa kutia huruma. Harufu yake ilikuwa ya mpunga ulionyeshewa ukafungiwa guniani. Alinyoosha bakuli la bati, lenye ukingo wa buluu.

"Mimi pia nimefunga," akasema.

Nani atamnyima mwenye kufunga? Chadia akammiminia wali wote na samaki wake. Yule mwanamke akala kwa mikono miwili, haraka... cha, cha, cha, cha... Hakupiga bismillah. Chadia alilitambua hilo akalipita. Yeye mwenyewe ni nani hata amkosoe mtu?

"Unatoka wapi, mama?"

"Kwa watu kama wewe."

Kesho yake akaja. Na keshokutwa. Kwanza Chadia alishukuru, sahani ilirudi safi, na Mama Fatuma akifurahi, "Leo umekula, mwanangu, alhamdulillahi." Lakini kadiri mifupa ya Chadia ilivyotokeza, ndivyo mikono ya yule ilivyonona. Kitenge kikaanza kumbana. Na maneno yake yakabadilika.

"Kesho uongeze samaki," alisema jioni moja.

Jioni nyingine akasema, "Na daku yako ulete."

Chadia akaleta. Alikuwa ameanza mwenyewe, kwa hiari yake, sasa akawa anatumwa. Siku moja alitaka kuonja uji, kijiko kimoja tu, hakuna anayemwona. Mkono ukakataa kuinuka. Aliutazama ule mkono umelala pajani kama wa mtu mwingine, akaogopa, na hakumwambia mtu. Angeanzia wapi?

Sasa kulikuwa na jirani, Mama Régina, mkulima, Mkristo wa kanisa la huko juu, mwanamke mnene mwenye mdomo usio na breki. Njia ya shamba lake ilipita pale pale kwenye ukuta ulioanguka. Siku zile za damu ndiye aliyemwosha Chadia, maana Mama Fatuma alikuwa analia tu hajui ashike wapi. Ndiye aliyemletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, na mawese. Na ndiye wa kwanza kulisema lile ambalo wengine walilionea haya.

"Mama Fatuma, huyu mutoto iko anaisha. Ile funga yake ni ya namna gani?"

Heri angenyamaza! Kwetu aliye wa kwanza kuuona ugonjwa huulizwa ameujuaje. Na magharibi moja Mama Fatuma alichungulia dirishani, akaona mgongo wa mwanamke mnene, na kitenge, unavuka matofali na kupotelea njia ya shamba. Akapiga kelele mpaka barabara ya pili ikasikia.

"Nimemuona! Ni Régina! Ndiye muchawi anamukula muke wa mutoto wangu!"

Alhamisi iliyofuata, baada ya alasiri, vijana walimleta Régina uani wanamsukuma. Beseni lake la sombe walikuwa wamelipiga teke, majani yamemganda kwenye nguo. Mmoja alishika bidoni la petroli. Mwalimu Faradji, anayefundisha watoto Kurani hapo mtaani, alijitia katikati na tasbihi yake mkononi.

"Mungoje! Mutu hachomwi kwa dhana!"

"Amufungue! Amufungue mutoto wa watu!"

Walimpigisha magoti mbele ya mkeka ambapo Chadia alikaa amejifunika. Régina hakulia. Hakujitetea kwa vijana wala kwa Mama Fatuma. Alimtazama Chadia tu.

"Mwanangu," akasema polepole. "Uwaambie."

Chadia alijua kila kitu. Neno moja lake na mwanamke huyu angerudi nyumbani kwake. Lakini neno lenyewe lilikuwa na mkia: wangejua kwamba zile funga ni uongo, kwamba zile sifa alizila bure, kwamba samaki wa Mama Fatuma, anayejinyima yeye ili mkwe afuturu vizuri, wamekwenda nyuma ya jiko. Basi akafikiri... nikinyamaza, watamchoma, na hakuna atakayejua. Alilifikiri kweli. Alilifikiri kwa muda wa pumzi mbili, na hizo pumzi mbili ndizo anazozionea haya mpaka leo.

Kofia ya bidoni ikafunguliwa. Harufu ikapanda.

Chadia akainuka. Akashika ukuta, akaingia jikoni, akatoka na sufuria ya wali wa futari, ungali moto, na samaki juu yake. Akaiweka mkekani. Jua lilikuwa bado juu ya paa la msikiti.

"Hakuna mutu ananikula," alisema. "Nilijinyima mwenyewe."

"Chadia! Umefunga, mwanangu, na jua hili!"

"Sikufunga, mama. Siku zangu niliisha kulipa mbele ya mvua kuanza. Nilidanganya."

Watu walimtazama kama wanavyotazamwa wezi, na yeye, mbele ya macho yote hayo, akachota tonge, mkono ukikataa, akauinua kwa mkono wa pili, akatia kinywani.

Hapakuwa na ladha.

Hapakuwa na wali. Meno yalikutana na meno.

Na nyuma ya jiko... cha, cha, cha, cha...

Kijana wa bidoni aligeuka. Wote waligeuka. Régina alikuwa hapo hapo magotini, kinywa kimefumbwa, mikono yake wameishika watu wawili. Chadia akatia tonge la pili. Aliliona likiingia. Likafika midomoni, likawa hewa. Cha, cha, cha. La tatu. La nne. Sufuria ilipungua kweli, ilifika nusu, na njaa yake ilikuwa pale pale, na huko nyuma kitu kikawa kinatafuna kwa raha, bila kujificha.

"Mama," alilia Chadia, "nakula, mama! Muangalie, nakula!"

Mwalimu Faradji alisogea, uso wake umekuwa majivu.

"Chadia. Ulipiga bismillah?"

Hakupiga. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kuitamka juu ya chakula, hakuikumbuka. Na ni jambo la darasa la kwanza, watoto wanaliimba: anayekula bila jina la Mungu hali peke yake. Na aliyesahau, hata kama limebaki tonge moja, kuna la kusema.

Chadia akachota tonge. Akalishika karibu na midomo.

"Bismillahi," akanong'ona, "mwanzo wake na mwisho wake."

Kutafuna kukakoma.

Kisha kile kilichokuwa nyuma ya jiko kikatapika.

Sitaki kuieleza sana sauti ile. Ilidumu. Ilianza kama mtu, ikaendelea baada ya mtu yeyote kuwa amekwisha pumzi, ikapanda, ikashuka, na harufu ya mpunga uliooza ikajaa uani mpaka watoto wakalia. Iliponyamaza, Mwalimu Faradji akatangulia, wengine nyuma yake.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na chakula.

Kilitandaa kutoka ukuta wa jiko mpaka kwenye matofali. Na hakikuharibika, hapo ndipo watu walipoanza kurudi nyuma. Wali ulikuwa unatoka mvuke. Mikate ya mchele ilikuwa laini. Sombe na mawese ya Régina yaling'aa kama yametoka sufuriani sasa hivi. Samaki walilala na macho yao. Fungu baada ya fungu, jioni baada ya jioni, kila sahani mahali pake, na uongo wote wa Chadia umeanikwa chini mchana kweupe, mbele ya mtaa mzima.

Mama Fatuma alipita katikati yake kama mtu anayepita makaburini. Alikijua kila chungu chake.

"Huyu ni samaki wa Ijumaa ile Alimasi alipiga simu," alisema. "Huu uji nilitia tangawizi, sababu ulikuwa unakohoa." Akainua macho. "Vyote hivi?"

"Vyote, mama."

Hakugombeza. Angegombeza, Chadia angepona kidogo. Alikaa tu chini, akavuta kitenge chake usoni.

Vijana waliondoka mmoja mmoja, bila hata pole. Yule wa bidoni aliliacha hapo, kama si lake. Régina akajikung'uta majani, akaenda kuchukua jembe lake, akarudi akachimba shimo. Hakuna aliyemwomba. Akafukia, akashindilia kwa mguu, kisha akapita karibu na Chadia.

"Ulikawia kidogo, mwanangu," akasema. Basi. Akaenda zake.

Jioni hiyo Mama Fatuma alimlisha kwa mkono wake, tonge kwa tonge, bismillah kwa bismillah. Chumvi ilimshtua Chadia, akalia kwa sababu ya chumvi tu.

Huu ni mwezi wa nne tangu siku hiyo. Chadia anakula. Siku nyingine vizuri, siku nyingine anapigana na kila punje, lakini anakula, na Régina bado anamletea sombe na kumtania kwamba mashavu yamerudi kazini. Nani alikuwa yule mwanamke? Mwalimu Faradji anasema ni shetani, chakula kikikosa jina la Mungu anakaribia. Régina anasema kuna waliokufa na njaa wakati wa vita, wakazikwa njiani bila mtu kuwalilia. Chadia akiulizwa hutazama mikono yake.

Juma lililopita Alimasi alipiga simu. Ameoa Salamabila. Anakuja naye Kasongo kabla ya mavuno yajayo, na chumba kimekwisha kuchaguliwa: ni kile cha Chadia, yeye atahamia cha nyuma. Mama Fatuma alilia kwenye simu, lakini mwana ni mwana. Hakuna aliyemuuliza Chadia.

Magharibi ilimkuta nje, anakusanya mpunga. Hakutaka kutazama kwenye ukuta ulioanguka. Akatazama.

Juu ya matofali kulikuwa na bakuli la bati, lenye ukingo wa buluu. Limeoshwa. Limefunikwa kifudifudi, kama la mtu anayengoja.

Angelipiga teke. Angeliponda kwa jiwe, angemwita Mama Régina na jembe lake. Alisimama hapo, mashavu yakimwaka kwa haya, akageuka kuhakikisha hakuna anayemwona. Kisha akaliokota, akalifuta kwa upindo wa kitenge, akalizamisha katikati ya gunia la mpunga.

Adhana ikalia.

"Chadia!" Mama Fatuma aliita kutoka ndani. "Njoo tule, mwanangu."

"Anzeni tu, mama," akajibu. "Mimi nitakula jikoni."