Mbuzi Watatu na Mchujo

Soko la Kalundu siku ya Jumatatu halina adabu. Ukisimama kutafakari unapigwa kiwiko, ukitembea haraka unakanyaga nyanya za mtu na kutukanwa pamoja na ukoo wako. Ndila alikuwa amesimama. Alivaa rinda la kijani lenye kola nyeupe, nywele amezisuka mistari midogo hadi kisogoni, na alikuwa akimkemea muuzaji wa pojo kwa sababu ya vumbi aliloliona ndani ya gunia. Jitu moja la mabega mapana likapita kinyumenyume likimpungia mtu mkono, likamgonga, na pojo zote zikamwagika.

"Sori, sista! Sori kabisa!"

Ndila aligeuka na maneno yake tayari. Akaona kifua, ikabidi ainue macho zaidi ndipo aone uso, wenye kovu juu ya nyusi. Kwapani jitu lilikuwa limebana kitu.

"Na hilo boga, limekuziba macho?"

"Hii si boga. Ni mpira ya raga. Mimi ndio kapteni wa Miamba."

"Miamba ni nini?"

Hapo ndipo kapteni huyo, Nyamai, alipopenda. Kitui nzima, aliyeijua Miamba aliijua kwa kushindwa. Miaka saba timu hiyo ilikuwa kwenye ligi bila kunusa mchujo, na kapteni wake alikuwa amezoea kuchekwa hata kwa kinyozi. Leo alikuwa amempata mtu asiyejua lolote. Akapiga magoti katikati ya soko, akaanza kuokota pojo moja moja, watu wakimpita juu, mpaka muuzaji mwenyewe akacheka na Ndila akashindwa kununa.

"Utaokota mpaka Krismasi?"

"Nikipewa namba ya simu, naweza kuharakisha."

Nyamai alikuwa mchomeleaji wa mageti mjini Kitui, miaka thelathini na mmoja, goti la kushoto limeanza kumkataa kila asubuhi. Ndila aliuza dawa za mifugo katika duka moja karibu na stendi, na kwao kulikuwa Kathonzweni, upande wa Makueni. Walipendana haraka, kama watu waliokwisha kuchoka kusubiri. Mchana Nyamai alimpigia simu akiwa amevaa miwani ya kuchomelea, akimwita mwendwa, mpenzi kwa Kikamba.

"Mwendwa, umekula?"

"Nimekula. Na wewe umekula ama umekula moshi?"

"Nitakula nikikuona."

"Basi utakufa njaa, leo nafunga saa kumi na mbili."

Jioni Ndila alikwenda kumtazama akifanya mazoezi. Miamba hawakuwa na mashine ya kujifunzia skramu, ule msukumano wa raga, kwa hiyo walisukuma pikapu ya Muli, msaidizi wa kapteni, wanane upande mmoja na Muli ndani akikanyaga breki huku akiwatukana. Ndila alicheka hadi machozi. Baadaye alimkanda Nyamai goti kwa dawa ya duka lake, iliyokusudiwa ng'ombe, na Nyamai aliapa kwamba inafanya kazi kuliko ya watu.

"Huu ndio msimu wangu wa mwisho," alimwambia siku moja, bila utani. "Goti limeisha. Nataka tu niione mchujo mara moja, kisha nikuoe nitulie."

"Anza na kunioa."

"Nitafanya zote."

Kwa Wakamba, kuoa kunaanza na mbuzi watatu wanaoitwa ntheo. Unaweza kufunga harusi kanisani na keki ya orofa nne, lakini bila ntheo wazee watakutazama kama mpangaji tu. Na kwa Mzee Musembi, babake Ndila, jambo hilo lilikuwa na kidonda. Binti yake mkubwa, Wayua, alikaa na mwanamume miaka minne bila ntheo. Alipofariki akijifungua, mbuzi waliletwa mwili ukiwa mochari, ili azikwe kwa mume, kamba zimeshikwa na watu wa kutumwa, mume mwenyewe hayupo. Mzee aliwafukuza, akamzika mwanawe nyumbani. Tangu hapo alikuwa na sharti moja: atakayemtaka Ndila ashike kamba kwa mkono wake mwenyewe, afike kabla ya saa nane mchana. Akituma watu, asahau.

Nyamai alikubali. Siku ikapangwa, Jumamosi.

Mechi ya mwisho ya ligi ilikuwa Jumapili, nyumbani, dhidi ya Iveti kutoka Machakos. Miamba wakishinda, wangemaliza wa nne na kuingia mchujo. Lakini kanisa moja lilikuwa limekodi uwanja kwa krusedi ya injili Jumapili hiyo, na siku ya Alhamisi ligi ikaisogeza mechi hadi Jumamosi, saa tatu asubuhi. Nyamai alipiga hesabu za mtu anayetaka kudanganyika. Mechi iishe saa tano, apande pikipiki, saa nane kasorobo awe Kathonzweni. Hakumwambia Ndila. Asubuhi aliwapandisha mbuzi kwenye gari pamoja na wazee wawili na baba yake mdogo, Kyule, akawaaga kwa furaha, akiahidi kuwafuata ashike kamba mwenyewe.

Saa tatu ikafika, refa hayupo. Saa nne, hayupo. Gari lake lilikuwa limeharibikia njiani. Saa tano Muli akamshika bega.

"Kapteni, enda. Tutajaribu hivyo hivyo."

Nyamai alimtazama Muli, kisha vijana kumi na wanne waliokuwa wamekaa kwenye nyasi kavu na viatu vyao vimefungwa tayari. Angeweza kwenda. Hilo lisisahaulike, kwa sababu yeye mwenyewe hakulisahau. Badala yake alichukua simu.

"Baba mdogo, mkifika mwambie mzee niko hospitali. Malaria. Nimewekewa maji, nitafika nikitolewa."

"Hospitali? Lakini si wewe mzima?"

"Sema hivyo tu. Mgonjwa husubiriwa."

Akazima simu, akaitia mkobani.

Refa alifika saa sita na nusu, na mechi iliyoanza ilikuwa ya kuumizana. Iveti walikuwa wazito, na hadi mapumziko waliongoza kumi na saba kwa saba. Jua la Kitui liliwapiga wote bila ubaguzi. Muli alivunjika kidole, akakifunga kwa tepu, akarudi. Kipindi cha pili Miamba wakapata trai, mpira ukawekwa nyuma ya mstari wa mwisho, na konvasheni, teke lake la nyongeza, kumi na nne kwa kumi na saba, kisha wakabisha mlango wa Iveti dakika ishirini nzima bila kufunguliwa. Dakika ya mwisho, skramu, mita tano kutoka mstari wa Iveti. Nyamai, namba nane, aliinama nyuma ya wenzake.

"Pikapu!" akapaza sauti. "Sukuma hiyo pikapu!"

Wakasukuma. Iveti wakarudi hatua moja, mbili, wakaporomoka, na Nyamai akaokota mpira miguuni akajitupa juu ya mstari huku watu watatu wakiwa mgongoni mwake. Trai. Kumi na tisa kwa kumi na saba. Konvasheni ikakosa na hakuna aliyejali. Akina mama wa sokoni waliingia uwanjani na leso zao, watu wazima wakalia, na kapteni aliyechekwa miaka saba akabebwa juujuu. Kwa muda huo mfupi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Ukambani, na aliyemnyima furaha hiyo ni yeye mwenyewe, alipokumbuka saa.

Sasa twende Kathonzweni. Ndila alikuwa amevaa kitenge cha rangi ya machungwa, kilemba kirefu, hereni za shanga. Saa nane ilipokaribia Kyule akasema neno hospitali, na Ndila akaanza kumpigia Nyamai. Simu ya Nyamai ilikuwa haipatikani. Mama yake Ndila akasema mambo hayo ni ya kuombewa, na mchungaji, aliyealikwa kula tu, akawapigisha magoti wote sebuleni, hata wazee wa Kitui. Waliomba karibu saa nzima. Ndila alilia kwa sauti, akamwambia Mungu achukue chochote anachotaka, lakini amwachie Nyamai pumzi. Alimfikiria Wayua. Alimwona Nyamai amefunikwa shuka. Kyule alipiga magoti kati yao, jasho likimtoka, akiitikia amina kwa sauti ndogo.

Binamu yake Ndila, Mbithe, ndiye aliyekuwa amefumbua jicho moja. Simu yake ilikuwa mapajani.

"Ndila," akanong'ona. "Huyu si Nyamai?"

Video ilionyesha mwanamume aliyejaa vumbi, amebebwa mabegani, anacheka meno yote nje. Chini yake watu walikuwa wameandika hongera. Mchungaji alikuwa bado anaomba.

Mzee Musembi aliitazama video hadi mwisho, akairudisha kwa Mbithe kwa heshima. Kisha akatoka, akawafungua mbuzi kwa mikono yake, akawapandisha kwenye gari walilokuja nalo.

Jumatatu ndipo Ndila aliposhika simu.

"Mwendwa..."

"Usiniite hivyo."

"Nisamehe. Refa alichelewa. Nilidhani nitafika."

"Mchezo nakusamehe. Nilijua unaupenda tangu siku ya pojo. Nakuuliza jambo moja, Nyamai, na usicheze na mimi. Hiyo ya hospitali ilitoka kwa nani?"

 Nyamai alikuwa amesimama kando ya geti ambalo halijamalizika. Ukweli ulikuwa neno moja tu.

"Ni baba mdogo," akasema. "Alibabaika mbele ya wazee, akatunga."

Ndila alipumua. Alilia kidogo, lakini kilikuwa kilio cha mtu aliyetua mzigo.

"Mzee wa watu. Haya. Nitaongea na baba. Lakini nau atakupa Jumamosi hii pekee, namjua."

Jumamosi hiyo ndiyo iliyokuwa nusu fainali ya mchujo, ugenini Nakuru. Nyamai hakusita. Alhamisi aliwaambia vijana kwamba hatasafiri. Hakuna aliyemlaumu. Walichuna nyasi tu, na Muli mwenye kidole kilichofungwa akasema, "Vai thina, hakuna shida, kapteni. Enda ulete bibi." Nyamai aligeuka upande asionekane uso. Miaka saba, na mchujo ungechezwa bila yeye.

Alifika Kathonzweni saa sita pamoja na Kyule, suti ya kijivu, viatu vinang'aa, kamba za mbuzi watatu mkononi. Ndila alimwona kupitia dirishani akatabasamu licha ya nafsi yake. Mzee Musembi alimkaribisha kwa maji ya kunywa, wazee wakaketi, mambo yakaanza vizuri. Kisha mzee akasema kabla ya mbuzi kuguswa, kuna uchafu wa kuoshwa. Watu walipigishwa magoti katika nyumba yake kwa uongo. Aliyeuleta aseme.

Kyule akasimama, kofia mkononi. Alikuwa mzee wa kanisa huko Matinyani na hakuwa amelala vizuri wiki nzima.

"Mimi nimekosa," akasema. "Kijana alinipigia simu saa tano, akaniambia niseme ako hospitali na malaria. Nilimuuliza, lakini wewe si mzima? Akasema sema hivyo tu, mgonjwa husubiriwa. Nikakubali. Nisameheni wote, na wewe msichana zaidi."

Aliketi, uso umetulia. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Mtu amekiri, yamekwisha. Nyamai alitazama chini. Ndani ya nyumba, tabasamu la Ndila lilimtoka polepole.

Desturi ni kwamba binti huitwa mbele ya wote, baba akamuuliza kama mbuzi waliwe, na akikataa hakuna ndoa. Ndila akatoka na kitenge kile kile, akasimama kati ya wazee na mbuzi.

"Ndila mwanangu," Mzee Musembi akasema, na sauti yake ilikuwa laini, kwa sababu alikuwa ameanza kumpenda kijana huyu mwenye mabega. "Hizi mbuzi tuzikule?"

Ndila hakumtazama baba yake.

"Jumatatu nilikuuliza, Nyamai."

"Niliogopa kukupoteza."

"Mimi nilikuwa nimeshakupoteza. Nilipiga magoti pale ndani nikakuzika, saa nzima. Nilijua hata shati ningekuvalisha. Ukafufuka, nikashukuru, nikasamehe. Nikakuomba neno moja tu, ukamsingizia mzee anayekupenda." Alijifuta macho kwa kiganja. "Na bado nakupenda. Ndiyo maana naogopa. Nitakuamini tena kesho, na kesho kutwa."

"Ndila, nimeacha mchujo."

"Najua. Hiyo pia utanidai siku moja." Akamgeukia baba yake. "Hapana, nau. Zisikuliwe."

Hakuna aliyepiga kelele. Mama yake alimfuata ndani, na kilio kilichosikika huko kilikuwa cha wanawake wawili. Mzee Musembi alimsaidia Nyamai kupakia mbuzi, wakifanya kazi pamoja, na mmoja alipokataa kupanda walimwinua kila mtu upande wake.

Walikuwa wamekaribia mji wa Wote simu ilipolia. Muli.

"Kapteni, tumechapwa. Ishirini na nne kwa kumi. Skramu yetu ilikataa kabisa bila wewe." Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu waliochoka, mtu analia. "Lakini usiumie. Vijana wanasema afadhali mmoja wetu ameshinda leo. Wote wanakusalimia, wanataka kumwimbia bibi yako. Hongera, ndugu yangu."

Kyule, kando yake, alikuwa akitazama barabara. Mbuzi waligongana huko nyuma.

"Asante," Nyamai akasema. "Nitamwambia."

Vijana wakaanza kuimba, naye akasikiliza wimbo wote hadi mwisho.