Ulimi wa Chiriku na Kipindi cha Kifaransa

Uvumi ule niliusikia kwa msusi. Kichwa changu kilikuwa mikononi mwake, nusu kimesukwa, nusu kimetimka. Ukiwa katika hali hiyo huwezi kuondoka. Unasikiliza tu.

"Umesikia ya yule mtoto?" msusi aliniuliza.

"Mtoto gani?"

"Wa huko mtaa wa nyuma. Wamemfundisha Kifaransa shuleni angali mdogo. Ulimi umegoma! Kifaransa hakijui, na Kiswahili kimemtoka. Sasa akitaka chumvi anamwonyesha bibi yake kwa kidole."

"Wacha wee!"

"Haki ya nani tena. Lugha mbili kwenye kichwa kidogo, zinagombana humo ndani."

Nilicheka, lakini hofu ikaniingia. Mwanangu alikuwa akisoma Kifaransa hichohicho.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea sebuleni kwangu. Mume wangu ni fundi wa mapaa. Mama mkwe tunaishi naye. Macho yake hayaoni tundu la sindano siku hizi, lakini vidole vyake ni vizima. Yeye ndiye mwenye kopo la vifungo. Kila jioni analimwaga juu ya mkeka, anachambua vikubwa na vidogo, na mjukuu wake yuko pembeni anamsaidia.

Huyo mjukuu ndiye binti yangu, yuko darasa la pili. Bibi yake alimpa jina la Chiriku, kama yule ndege mpiga kelele. Chiriku akiamka anaongea. Akila anaongea. Akipiga mswaki anaongea na povu. Shule yake ni ya msingi, ya serikali, hapa karibu na nyumbani. Muhula ule walikuwa wameanzisha kipindi cha Kifaransa kwa majaribio. Mwalimu wa kipindi hicho alikuwa akijitolea bila malipo. Muhula ukiisha, wazazi tungekutana tuseme moja: fungu la shule limlipe mwalimu huyo, au kipindi kife.

Siku ile nilirudi kutoka kwa msusi, nikawakuta mkekani.

"Bibi, nipe kile ruuj," Chiriku alisema.

"Ruuj ndiyo nini tena?" bibi aliuliza.

"Chekundu! Kwa Kifaransa ni ruuj. Sema, bibi. Ruuj."

Bibi alicheka mpaka meno yake machache yakaonekana yote. Mimi sikucheka. Pini ilinidondoka. Nikasema moyoni, ndiyo hiyo. Imeanza.

Kuanzia hapo nikawa namchunga mwanangu ulimi. Nikiwa na mkasi, namwonyesha. "Hii inaitwaje?" Nikipika, nanyanyua kifuniko. "Na hii?" Anavaa viatu, namshika mguu. "Hapa panaitwaje? Kisigino au nini?" Mwanzo alijibu upesi. Baadaye akajibu taratibu. Akikawia kidogo, namkazia macho. Akichanganya neno moja, naguna.

"Mkwe wangu," mama mkwe aliniambia siku moja, "huyu ni mtoto au ni shahidi wa polisi?"

"Mama, niache. Nakagua ulimi."

"Haya. Kagua."

Chiriku akaanza kupungua maneno. Alikuwa akitoka shule, anaweka mfuko, anakaa. Nikimuuliza, anatikisa kichwa. Mkekani alichambua vifungo kimya. Nyumba ikawa inasikika cherehani tu.

Kisha ikaja siku ya chumvi.

Tulikuwa tunakula mchana. Chiriku alionja mchuzi, akakunja uso. Akatazama kopo la chumvi, akanitazama mimi. Halafu akanyoosha kidole.

Nilipiga ukelele, kijiko kikaruka.

"Baba Chiriku! Umeona? Kidole! Chumvi kwa kidole! Ni vilevile alivyosema msusi!"

Mume wangu alisukuma kopo la chumvi kwa mtoto. "Mwache mtoto ale."

"Lugha zinagombana kichwani mwake!"

"Wanaogombana ni wewe na mchuzi wako usio na chumvi. Mimi hicho Kifaransa sikitaki kwa sababu nyingine. Darasa la kwanza linavuja. Nilipanda pale mwenyewe, nikaona. Fungu liende kwenye paa."

Kwa hiyo mimi na mume wangu tulikuwa upande mmoja, kila mtu na lake. Nikaamua. Siku ya mkutano nitasimama, nitasema kipindi kife. Na mwanangu nitamtoa hata kabla ya hapo. Jioni nilikwenda kununua nyanya, nikamsimulia muuza mboga habari ya chumvi, mwanzo mpaka mwisho. Aliweka mikono kichwani. Nikajisikia nimetua mzigo.

Jirani yetu mmoja ni muuguzi wa zahanati. Watoto wote wanamwita Dada Sindano, na wakimwona na mkoba wanabadili njia. Alikuja kupima sare yake niliyokuwa naipunguza kiuno. Chiriku alikuwa kwenye mkeka na bibi yake.

"Hujambo, Chiriku," Dada Sindano alisema.

Chiriku akafungua mdomo. Mimi nikamwahi. "Msalimie vizuri. Kwa Kiswahili. Sema yote."

Mdomo ukafungwa.

"Umeona, dada?" nilimnong'oneza muuguzi. "Ulimi umegoma. Ni hicho Kifaransa. Kesho namtoa."

 Dada Sindano alikuja akasimama nyuma yangu, karibu kabisa, nikiwa nashona. "Huo ni mshono gani?" aliuliza.

"Wa kiuno."

"Na huo?"

"Huohuo."

"Una hakika? Hebu sema tena. Uzi huo unaitwaje? Mbona unakawia?"

"Dada, ukiendelea hivyo nitakuchoma sindano mimi leo!"

Alicheka. "Umechoka na maswali ya muda mfupi tu. Mwenzio anayapata kutwa, nawasikia kutoka kwangu. Akikosea unaguna. Akikaa kimya, hakuna wa kumgunia. Wewe ungechagua nini?"

Mguu wangu uliacha pedali. Mama mkwe alikohoa kwenye mkeka, kikohozi cha kusema kitu, mimi nilijua.

"Lakini anachanganya maneno," nilisema. "Anasema ruuj."

"Alijua maana yake?"

"Alisema ni nyekundu."

"Basi hajasahau nyekundu. Ameongeza ruuj. Watoto wanaojifunza lugha mbili huchanganya maneno mwanzoni. Ni kawaida, na huzoea kuzitenga. Kichwa cha mtoto hakijai kama kikapu, ukiweka hiki kile kidondoke."

"Na Kiswahili hakitapotea?"

"Kitapotea msipokitumia. Lugha ya nyumbani inalindwa nyumbani. Ongea naye. Mcheke pamoja. Bibi amsimulie. Asome vitabu vya Kiswahili. Sasa angalia nyumba yenu wiki hizi. Nani anaongea naye bila kumpima?"

Hakuna mtu. Hata bibi alikuwa ananyamaza akiniogopa mimi.

"Na kama ulimi ungekuwa na shida kweli?" niliuliza.

"Tungeona katika kila lugha, si moja. Asingesikia vizuri, au asingeelewa anachoambiwa, au maneno aliyokuwa nayo yangempotea kweli. Hapo unamleta zahanati tumwangalie. Hukimbilii kumtoa darasani." Akaivaa sare, akajitazama kwenye kioo. "Kiuno hiki umekipunguza sana, mwenzangu. Nitapumulia wapi?"

Tulicheka. Chiriku pia alicheka, kidogo, kwa pua.

Jioni ile sikuuliza jina la kitu chochote. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kushona koti. Nilikaa mkekani nao, nikachambua vifungo. Bibi akaanza kusimulia jinsi mume wangu alivyokuwa mdogo, alivyopanda juu ya paa kumfuata kuku, kuku akashuka, yeye akabaki juu analia.

"Baba alilia?" Chiriku aliuliza.

"Alilia mpaka kuku akamwonea huruma," bibi alisema.

"Halafu nani alimshusha? Alishuka kwa ngazi? Kuku alikuwa wa rangi gani? Kwa nini hakuruka? Mimi ningeruka. Bibi, kuku huyo mlimla?"

Niliinama juu ya vifungo ili wasinione. Chiriku wangu alikuwa ndani siku zote. Nilikuwa nimemfungia mlango mimi mwenyewe.

Siku ya mkutano tulikwenda sote. Wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Watoto walikuwa nje wakicheza. Mwalimu mkuu alieleza. Mabati ya darasa la kwanza yako stoo. Fungu la kumlipa fundi halipo, labda lichukuliwe la mwalimu wa Kifaransa. "Hatuwezi yote mawili," alisema. "Semeni wazazi."

Muuza viatu mmoja alisimama. "Mimi nasema kipindi kife, hata bila habari ya paa. Lugha ya watu inaharibu watoto. Na mfano tunao, si wa mbali. Hapahapa mtaani kuna mtoto ulimi umegoma kabisa. Anaomba chumvi kwa kidole! Ni binti wa fundi cherehani fulani."

Darasa zima liliguna.  Uvumi ulikuwa umeondoka kwa msusi hauna mtoto anayejulikana. Ukapita kwangu, ukapita kwa muuza mboga, na sasa ulikuwa umempata mtoto. Mtoto wangu.

Nilisimama. 

"Fundi cherehani huyo ni mimi," nilisema. "Habari ya chumvi niliieneza mimi. Mwanangu ni mzima. Nilimchosha kwa maswali mpaka akanyamaza, nikasingizia Kifaransa."

"Basi aitwe," muuza viatu alisema. "Aseme kitu, tumsikie."

"Hapana," nilisema. "Mwanangu hapimwi tena. Si na mimi, si na wewe."

 Hapohapo, kupitia dirisha, ikaingia sauti ninayoijua kuliko zote.

"Wee! Umekanyaga kamba! Usinidanganye, nimekuona kwa macho yangu yote mawili! Toka! Toka, zamu yangu! Na wewe usimtetee kwa sababu amekupa pipi!"

"Huyo ndiye bubu mwenyewe," mama mkwe alisema.

Kicheko kilichopasuka kingeng'oa hayo mabati mabovu. Muuza viatu mwenyewe alijishika tumbo. Na nje watoto walianza kuruka kamba wakihesabu kwa Kifaransa, kwa sauti moja: "En! De! Trwa!" Hakuna aliyekuwa amewaambia wahesabu hivyo.

Mwalimu mkuu alisubiri tutulie. Mimi nilikuwa bado nimesimama, basi nikamalizia.

"Mwenye uwezo atamwita mwalimu nyumbani, mwanawe atasoma lugha anayotaka. Wa kwetu wana shule hii tu. Shule isipolipa, watabaki kuchungulia dirishani. Mimi nasema ilipe. Lakini vipindi vya Kiswahili visiguswe hata kimoja. Na vitabu vya hadithi za Kiswahili viongezwe, nitavishonea majalada ya kitambaa bure."

"Na paa?" mtu aliuliza.

Nilimtazama mume wangu. Alijikuna shingo, akasimama.

"Paa nitapanda," alisema. "Mafundi wenzangu wako humu, nawaona wanajificha nyuma ya mabega. Mabati yapo. Jumamosi tupande, kazi bure. Fungu libaki kwa mwalimu."

"Kwani fundi wa kulipwa si ungekuwa wewe?" muuza viatu alimchokoza.

"Ndiyo maana naikataa pesa hiyo mapema, kabla hujanisema!"

Mikono ilinyooshwa. Ya kuukubali mpango ilikuwa mingi kuliko ya kuupinga. Muuza viatu alinyoosha nusu, mkewe akamsukuma kiwiko mpaka ukanyooka wote.

Jumamosi mafundi walipanda. Mama mkwe alisimama chini akimpigia mwanawe kelele: "Usilie huko juu! Hakuna kuku leo!" Chiriku aliwasimulia watoto wote kisa cha kuku, kwa Kiswahili, na kila akisimulia kuku anaongezeka ukubwa.

Sasa kipindi kipo na paa halivuji. Mimi bado ni mama mwenye hofu, sijabadilika hapo. Ndiyo maana nawaandikia wazazi wenzangu. Haya yaepukeni:

Usimtoe mtoto darasani kwa habari ya mtoto ambaye hakuna anayemjua mama yake.

Usimpime mtoto mezani. Chakula si mtihani.

Usigune wala kumcheka kwa dharau akichanganya maneno. Mjibu tu, muendelee kuongea.

Usiiachie shule kazi ya Kiswahili peke yake. Kiongeeni nyumbani.

Usikubali lugha ya kigeni imeze vipindi vya lugha ya mtoto.

Usikae nyumbani siku ya mkutano wa wazazi, kisha ulalamike kwa msusi.

Usimalize shida ya mtoto kwa muuza nyanya. Ukiwa na wasiwasi wa kweli na usikivu wake au maneno yake, mpeleke zahanati.

Na ukiwa na mteja anasubiri shati, usimzuie bibi kuhesabu vifungo kwa Kifaransa. Atakosea, mjukuu atamsahihisha, watacheka, wataanza upya. Shati litachelewa. Acha lichelewe.