Ukuta Ulionyooka Jumapili

Jumatatu, saa moja asubuhi, mfuko mmoja wa saruji haukuonekana stoo, na ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa umenyooka.

Saruji kupotea kwenye jengo si habari. Lakini ukuta ulioota kitambi Jumamosi haukipunguzi wenyewe, na hilo ndilo lililomfanya mwenye nyumba, muuguzi aliyekuwa akijenga kwa jasho lake, ampigie simu shangazi yake. Shangazi huyo alistaafu polisi, na mpaka leo mtaa mzima humwita Sajini.

"Fundi ameniibia, shangazi," muuguzi alisema. "Stoo ina funguo mbili, wangu na wake. Leo namfukuza, na kila anayejenga hapa nitamwambia kwa nini."

"Mwizi gani huyo, anakuibia saruji halafu anakunyooshea ukuta?"

Muuguzi akamwonyesha picha aliyopiga Jumamosi jioni. Kipande cha kati ya dirisha na kona kilikuwa kimebenuka waziwazi. Sajini akakisogelea, akateremsha timazi. Uzi ukalala sambamba na matofali toka juu hadi chini. Viungo vya kati ya matofali vilikuwa na unene mmoja, na kila kimoja kilisuguliwa kwa chuma cha mviringo kikaacha mfereji laini. Mota yake, ile saruji na mchanga, bado ilikuwa nyeusi kwa unyevu, wakati kuta za pembeni zilishakauka. Sajini amepekua nyumba nyingi maishani, lakini hakuwahi kusimama mbele ya ukuta mtupu akashindwa kuondoka. Kazi ilikuwa nzuri mno.

"Saruji yako haijaibwa, mwanangu. Unaitazama. Mtu ameubomoa ukuta jana ungali mbichi, akaujenga upya."

Mlinzi wa jengo naye aliushangaa ukuta, lakini hulinda usiku tu. Jumapili mchana hakuwepo. Mwingine mwenye mwiko hapo karibu alikuwa fundi wa jengo la ng'ambo, na Sajini akamfuata. Viungo vya kuta zake vilisawazishwa kwa mwiko, bapa, bila mfereji.

"Ule ukuta nimeuona," alisema akicheka. "Mimi ningejua kujenga vile, ungenikuta hapa?"

Akabaki fundi mwenyewe, mzee mwenye sifa zake, ambaye nusu ya nyumba za mtaa ule ni kazi ya mkono wake.

"Fundi, ukuta huu leo unauonaje?"

Fundi akaupapasa kwa kiganja. "Uko kama nilivyouacha."

"Haujabadilika?"

"Ukuta utabadilikaje, Sajini?"

Alisema kwa utulivu wa mtu asiyeficha kitu, na hapo Sajini akakaa chonjo. Muuguzi aliona. Mlinzi aliona. Hata fundi wa ng'ambo aliona. Aliyeujenga ndiye peke yake hakuona. Sajini akaiweka pima maji, kile kipimo chenye povu, juu ya tofali, makusudi akiiinamisha upande.

"Iko sawa?"

Fundi akainama, akakodoa macho. "Sawa kabisa."

Muuguzi alitaka kusema, shangazi yake akamkanyaga mguu.

"Ufunguo wa stoo unauweka wapi Jumapili?"

"Nyumbani, msumarini. Jana nilishinda kwa kaka yangu."

Saa kumi jioni walikuwa uani kwa fundi, wote watatu. Mkewe aliwatolea viti. Sajini hakukaa. Alikuwa akilitazama jiko la nje, kijumba cha matofali kilichosimama wima, viungo vyake vyote vikiwa na mfereji laini wa mviringo.

"Jiko hili kajenga nani?"

"Mume wangu," mwanamke akajibu upesi.

"Mimi?" fundi akashangaa. "Si ulilijenga mwenyewe nikiwa safarini?"

Mwanamke akakaa chini taratibu. Sajini alimwonea huruma, lakini kazi ni kazi.

"Mama, jana ulichukua ufunguo."

"Nilichukua." Hakumtazama Sajini, alimtazama mumewe. "Jumamosi nilikuletea chakula, nikauona ule ukuta. Ni chumba cha watoto, baba. Ningelalaje? Na wewe ningekwambiaje?"

"Ulikuwa mbaya?"

"Ulikuwa mbaya sana."

Fundi akayasugua macho. "Povu la pima maji silioni tangu mvua zilizopita," alisema mwishowe. "Nilidhani nimewaficha wote."

"Mimi huwezi kunificha. Wewe ndiye uliyenishikisha mwiko tukiwa wachumba."

"Nikakwambia uache."

"Ulisema kwa ajili ya mtoto."

"Nilisema hivyo." Uso wake ulimshuka. "Watu wenye kazi walikuwa wameanza kukuulizia wewe, si mimi."

Mwanamke alifunika mdomo kwa kanga. Miaka yote hiyo aliamini kaacha kazi kwa ajili ya mtoto.

Muuguzi, aliyekuja na maneno ya kumfukuza mtu, aliyameza. "Fundi, nimekuita mwizi. Nisamehe. Lakini kuta zilizobaki sitaki ujenge wewe. Namtaka aliyejenga ule."

Sajini, ambaye amekamata watu wengi bila kumwonea aibu yeyote, alijikuta akiangalia pembeni. Fundi akainuka, akaingia ndani, akarudi na mwiko wake, mpini umechakaa kwa kiganja chake. Akaupapasa mkono wa mkewe, akamkabidhi.

"Mchukueni," akamwambia muuguzi. "Na mimi nitakuja, nimchanganyie mota. Kuchanganya hakutaki macho."

Mkewe aliupima mwiko mkononi, akafuta machozi kwa mkono mwingine.

"Njoo," alisema. "Ila maji usizidishe. Siku zote unazidisha maji."