Misitu ya Zambarau Kwenye Sayari ya Mbali

Fundi wa nguo alikuwa anashona pindo la gauni binti yake aliporudi kutoka shuleni. Kwa kawaida mtoto huyo huanza kusimulia akiwa bado mlangoni. Ndiyo maana walimpa jina la Chiriku. Siku hiyo aliingia kimya. Alikusanya michoro yake yote, akaitupa kwenye pipa la vipande vya vitambaa.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Sichori tena."

Mama aliokota karatasi ya juu. Ilikuwa na sayari ya mbali, yenye misitu ya zambarau na mito inayong'aa. Katikati, kwa kalamu nyekundu, mwalimu wa sayansi alikuwa ameandika: UONGO.

Damu ilimchemka. Hasira hasara, wanasema, lakini nani anayakumbuka hayo mtoto wake akionewa? Aliacha sindano ndani ya nguo, akaenda shuleni na mchoro mkononi, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni.

Mwalimu alikuwa darasani, anasahihisha madaftari.

"Mwalimu, salamu baadaye. Kwa nini unamwita mwanangu mwongo?"

"Karibu ukae, mama."

"Sikai! Wewe umefika huko ukaona hakuna misitu?"

"Sijafika. Yeye pia hajafika. Hakuna mtu aliyefika! Hebu soma alichoandika hapo chini. Hata mimi nilikasirika."

Fundi alisoma: "Wanasayansi wameiona misitu hii." Maskini, hakuwa amesoma mpaka huko chini. Alikaa.

"Sasa wameona nini?" aliuliza kwa ukali.

"Sayari yenyewe ipo kweli, tuliisoma darasani. Wanaangalia nyota yake. Sayari ikipita mbele ya nyota, mwanga wa nyota hupungua kidogo. Kwa upungufu huo wanapima ukubwa wa sayari. Hii inakaribia dunia yetu kwa ukubwa. Hupita tena baada ya siku sita hivi. Huo ndio mwaka wake. Nayo iko mbali mno. Mwanga unakimbia kuliko kitu chochote, lakini kutoka huko mpaka hapa unatumia miaka kama arobaini."

"Na misitu?"

"Haijulikani. Hata kama ina hewa au haina, bado wanachunguza."

Fundi aliushika utepe wake.

"Mteja akija kwangu, napima bega, kiuno na urefu. Vipimo naviandika pembeni. Kisha nachora gauni. Gauni halipo bado, lakini mchoro si uongo. Uongo ni kumwambia nimeshalishona. Mtoto amekosea, nitamwambia. Lakini na wewe umekosea, Mwalimu! Ulitakiwa kumwelekeza. Umemvunja moyo."

Mwalimu aliliangalia lile neno jekundu.

"Ni kweli, mama. Hapo niliteleza."

Alikuwa amemwaibisha Chiriku mbele ya darasa, na kesho yake alimwomba radhi mbele ya darasa hilohilo. Chiriku alichora upya, bado amenuna, anakandamiza penseli mpaka karatasi inakaribia kutoboka. Alipiga mstari katikati. Upande mmoja aliandika "Yaliyopimwa". Upande wa pili aliandika "Niliyoyabuni", na huko misitu ya zambarau ikaota hadi ukingoni.

Wiki iliyofuata mteja mmoja alileta picha ya gauni lililochorwa.

"Fundi, nishonee hili. Nitatokea hivihivi, unaona?"

Kabla mama hajafungua mdomo, Chiriku alishadakia.

"Hiyo ameibuni mchoraji, shangazi. Simama kwanza tukupime."