Kitabu Alichokiimba Gaudiosa

Nyumbani kwa Urbano, pale Izia, watu huimba kuliko wanavyoongea. Urbano ni mkulima wa mahindi na maharage. Pia ni mwalimu wa kwaya ya kigango chao, kanisa dogo la Wakatoliki. Akinoa jembe, anaimba. Akifunga maksai wake, anaimba. Mkewe Kristiana akiwa jikoni anaitikia kwa sauti ya pili. Binti yao Gaudiosa, mwenye miaka minane, anawashinda wote wawili.

Katika kwaya hiyo karatasi ya wimbo huwa moja tu, nayo huwa mkononi mwa Urbano. Yeye husoma mstari, wengine wanaurudia. Anausoma tena, wanaurudia tena. Wakifika mstari wa mwisho, wimbo umeshaingia vichwani na karatasi inarudi mfukoni. Kwaya imeimba hivyo miaka kumi na miwili na haijawahi kuaibika.

Basi Gaudiosa alipoanza shule, Urbano alimfundisha kitabu cha kusoma kwa njia hiyo hiyo. Baba mstari, mtoto mstari. Kufika darasa la pili, mtoto alikuwa anakimwaga kitabu kizima bila kukwama. Urbano akavimba kichwa. Kila mgeni aliyefika alikalishwa kwenye kigoda asikilize, atake asitake.

Kwa hiyo alipoitwa shuleni mwezi wa saba, alivaa koti lake zuri. Alidhani anakwenda kupewa pongezi.

"Baba Gaudiosa, nisikufiche," alisema Mwalimu Flavian, mwalimu wa darasa la pili. "Binti yako hajui kusoma. Hesabu nazo zinamshinda. Mwezi wa kumi na moja tutawapima watoto wote. Asipoweza, atarudia darasa."

"Mwalimu, labda umemchanganya na mtoto mwingine?"

"Sijamchanganya. Nina watoto themanini na sita, siwezi kukaa na mmoja mmoja. Mtafutieni mtu wa kukaa naye peke yake."

Urbano alirudi nyumbani amefura. Upepo wa baridi ulimpiga usoni njia nzima, wala hakuusikia.

Uani alimkuta Naima. Naima ni binti wa wenye duka kule Milanzi. Amemaliza chuo cha ualimu na bado anasubiri ajira. Siku hiyo alikuja kununua maharage kwa Kristiana, vipimo viwili vya kopo la sado.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja wakati mzuri! Wewe ni mwalimu, utakuwa shahidi wangu. Gaudiosa! Lete kitabu!"

Gaudiosa akaja mbio. Akafungua kitabu, akaanza habari ya ng'ombe wa bibi, maziwa yake na ndama wake. Hakukwama hata mara moja. Urbano akamtazama Naima kama mtu aliyeshinda kesi.

Naima alikuwa anatazama kitabu. Ukurasa uliofunguliwa ulikuwa na picha ya soko. Ng'ombe hakuwepo.

Hakumcheka mtoto. Alimvuta karibu, akafungua ukurasa wenye ng'ombe. "Una kichwa chepesi wewe," alimwambia. "Sasa nionyeshe kwa kidole. Neno 'maziwa' liko wapi?"

Gaudiosa akaanza kunong'ona tangu mwanzo wa ukurasa. Kidole kilitangatanga. Midomo ilipofika kwenye maziwa, kidole kilikuwa juu ya mkia wa ng'ombe. Mtoto akainamisha kichwa.

"Hebu hesabu mpaka hamsini," alisema Naima. Gaudiosa akahesabu kwa pumzi moja. "Vizuri. Sasa nipe maharage kumi na saba." Gaudiosa akatia mkono kwenye gunia, akampa konzi nzima.

Urbano alikaa chini taratibu. Hasira yote ilimtoka, ikabaki aibu.

"Baba, huyu anakiimba kitabu. Hakisomi," alisema Naima kwa upole.

"Basi nimempoteza mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe."

"Hujampoteza. Masikio yake umeyafundisha vizuri sana. Sasa yamebaki macho."

Kristiana alikuwa na lake moyoni. "Au tatizo ni Kifipa tunachoongea humu ndani? Tukiache?"

"Msikiache, mama. Msimulieni hadithi kwa Kifipa, nyingi tu. Mtoto mwenye maneno mengi kichwani husoma kwa urahisi. Mimi nipeni nusu saa kila alasiri, siku tano kwa wiki. Nitakuja nikishaswali."

Siku ya kwanza Naima alikificha kitabu. Alikata boksi la biskuti vipande vipande, akaandika herufi moja kwenye kila kipande. Kati ya herufi zote, Gaudiosa alijua sauti za tisa tu. Naima akaziandika hizo tisa kwenye daftari, pamoja na tarehe. "Tutaanzia hapa anapojua," alisema. "Tukianzia asipojua, atakata tamaa."

Walianza na *m* na *a*, wakapata *ma*. Kisha *la*, kisha *ka*. Kwa kila silabi walipiga kofi moja. Siku moja Naima alipanga vipande vitatu kwenye mkeka.

"La... ma... ka," alisoma Gaudiosa. "Lamaka! Dada Naima, lamaka ni nini?"

"Sijui. Halina maana. Hujawahi kulisikia popote, lakini umelisoma. Huko ndiko kusoma."

Gaudiosa alicheka mpaka akalala kwenye mkeka. Jioni hiyo alimwita jogoo Lamaka.

Kwenye hesabu walitumia vijiti. Kumi wakavifunga kwa kamba, likawa fungu moja. Thelathini na tano ni mafungu matatu na vijiti vitano. Ukitaka kutoa nane, vitano havitoshi. "Unafanyaje?" aliuliza Naima. Gaudiosa alifikiri, kisha akafungua fungu moja mwenyewe. Akatoa nane, akahesabu vilivyobaki. "Ishirini na saba!"

Tabu ilikuwa Urbano. Mwalimu wa kwaya hawezi kuvumilia ukimya. Mtoto akisita kidogo tu, baba anamtupia neno toka mlangoni.

"Baba, tukubaliane," Naima alimwambia. "Akikwama, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Ukishindwa, nenda ukawafunge maksai."

Siku hiyo Urbano alikwenda kuwafunga maksai mara tatu, na maksai walikuwa wameshafungwa.

Mwezi wa nane ulipoisha, daftari lilionyesha sauti zote za herufi. Mwezi wa tisa Gaudiosa akasoma maneno mafupi. Kisha, wiki moja, akarudi nyuma. Alichanganya *b* na *d*, akalia, akavitupa vipande vya herufi. Urbano aliinua mkono.

"Usimpige," alisema Naima. "Akipigwa atachukia daftari, si kosa. Kesho tunarudi kwenye maneno mepesi." Wakarudi, na baada ya siku nne mtoto akaendelea mbele. Mwezi wa kumi alisoma sentensi, polepole, akijisahihisha mwenyewe.

Siku ya kupimwa mvua ilinyesha tangu asubuhi. Urbano aliacha shamba, akasimama chini ya ukingo wa bati, karibu na dirisha la darasa.

Gaudiosa aliitwa mezani. Hesabu alizifanya kwa kuchora vijiti pembeni ya karatasi. Akapata nane kati ya kumi. Kisha Mwalimu Flavian akampa hadithi ambayo mtoto hajapata kuiona.

"M... mbu... mbuzi wa Adolfu aliingia ofisini," alisoma Gaudiosa. "Akala kofia ya mwenyekiti. Mwenyekiti akavua viatu. Aka..."

Akakwama. Urbano alilijua neno linaloweza kufuata. Ulimi ulimwasha. Akaanza kuhesabu kimoyomoyo. Moja. Mbili. Alifika nane.

"Akavi... akavificha!"

Gaudiosa akaangua kicheko.

"Unacheka nini?" aliuliza Mwalimu Flavian.

"Mwenyekiti! Anaogopa na viatu navyo vitaliwa!"

Mwalimu akacheka naye. "Kwa nini alivificha? Hilo ndilo lilikuwa swali langu," alisema. "Umelijibu kabla sijauliza."

Urbano alifuta macho kwa mkono wa koti. Kitabu kizima kilichomwagwa bila kukwama hakikuwahi kumfurahisha hivi.

Mwalimu aliandika kwenye kadi ya maendeleo. Urbano akaingia, akanyoosha mkono kuipokea, lakini Mwalimu alimpa mtoto.

"Soma mwenyewe."

Gaudiosa aliishika kadi kwa mikono miwili. Kidole kilianza kushoto, kikatembea neno kwa neno. Baba yake akarudisha mkono mfukoni.

"Gaudiosa... ana... kwe... anakwenda... darasa la... tatu."